Kabla hujalipia fremu, kaa kwanza na mhasibu: biashara yangu ya kwanza na ya pili, Dodoma

karanga_dom (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu kila wiki naona nyuzi za "nina milioni tatu nifanye biashara gani", na majibu yanamiminika: kuku, vipodozi, steshenari, chipsi. Ni nadra kuona mtu anauliza, "nina milioni tatu, mhasibu nimpate wapi?" Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dodoma, natengeneza siagi ya karanga. Nimefungua biashara mara mbili maishani mwangu. Ya kwanza ilinitoa machozi, ya pili inaendelea mpaka leo, na mara hii ya pili nilikaa na mhasibu kabla hata sijasaini mkataba wa pango. Ni ndefu kidogo, ila naomba msome mpaka chini, hasa mnaotaka kuanza.

Nianze na ya kwanza. Mwishoni mwa 2019 nilifungua duka dogo la vitambaa na vifaa vya ushonaji jirani na soko la Majengo. Mtaji ulikuwa mkopo wa kikundi na akiba ya mume wangu. TIN, namba ya mlipakodi, nilifuata mwenyewe, haina malipo. Kwenye makadirio ya kodi ndipo nilipoteleza. Kulikuwa na kijana mmoja ana meza na kompyuta pembeni ya barabara, anawajazia watu fomu. Pale mtaani wote walimwita mhasibu, na mimi nikamwita mhasibu. Sikumuuliza amesoma wapi wala amesajiliwa na nani. Akaniuliza maswali mawili matatu, akachapa, akasema mambo yako tayari dada, kila baada ya miezi mitatu niletee hela nikulipie. Nikapeleka mara ya kwanza, nikapeleka mara ya pili. Kila mara ananipa kikaratasi, nakikunja, nakiweka kwenye kopo la vifungo.

Mwaka uliofuata nilienda kuulizia mwenyewe TRA, Mamlaka ya Mapato. Pale kaunta wakafungua kompyuta, nikaona mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, nimekadiriwa mauzo ya kati ya milioni 11 na 14 kwa mwaka, kundi ambalo kwa viwango vya wakati ule asiyekuwa na kumbukumbu za biashara alilipa 450,000. Duka langu halikuwahi kugusa hata milioni saba. Pili, hela niliyompa yule kijana haikuwahi kuingia. Deni liko palepale, na riba juu yake. Nampigia, simu haipatikani. Naenda kwenye meza, meza imehama.

Ila kilichoniuma zaidi ni swali la yule afisa. Aliniuliza kwa upole kabisa: "Mama, daftari lako la mauzo liko wapi, tuone kama tunaweza kurekebisha?" Sikuwa nalo. Nilikuwa nauza, naweka kwenye pochi, mboga inatoka kwenye pochi, ada inatoka kwenye pochi, mzigo unanunuliwa kwenye pochi hiyohiyo. Nilijua duka langu halifiki milioni saba, lakini sikuwa na karatasi hata moja ya kulisemea. Nikauza cherehani yangu ya umeme nikalipa. Duka halikumaliza mwaka wa pili.

Sasa ya pili.

Mwanzoni mwa 2023 nilikuwa natengeneza siagi ya karanga jikoni, nauzia majirani na walimu wa shule ya mwanangu. Ikapendwa. Nikataka fremu, mashine, lebo. Dada mmoja wa kanisani akanipeleka kwa mama mmoja mhasibu mwenye ofisi ya chumba kimoja. Safari hii sikuona aibu. Nikakaa, nikasalimia, nikamuuliza namba yake ya usajili wa NBAA. Hakukasirika hata kidogo. Akafungua droo, akanionyesha cheti, akasema: "Usiishie kwenye cheti changu, kakague mwenyewe."

Kwa wasioijua, NBAA ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, imeundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Ndiyo inayosajili wahasibu nchini. Mtu akikuambia ni CPA, yaani mhasibu aliyethibitishwa, jina lake linatakiwa kuwa kwao. Na akitaka kukuwakilisha kwenye mambo ya kodi kama mshauri wa kodi, huo ni usajili mwingine, unafanyika TRA. Ni vitu viwili tofauti, na mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine. Muulize vyote viwili.

Nilikuja na mpango wangu kwenye daftari. Akausoma kimya, kisha akaniuliza: "Karanga kilo hamsini zinakupa chupa ngapi?"

Nikajibu fasta, chupa ni ya gramu 400, kwa hiyo chupa 125.

"Umepima au umegawanya?"

Nikanyamaza. Akaniambia hesabu ya leo imeishia hapo, nenda nyumbani, kaange kilo hamsini, menya, chagua, halafu upime kinachobaki ndipo urudi.

Nikaazima mzani wa jirani anayeuza mchele. Nilikaanga siku mbili. Ukizisugua karanga mkononi, yale maganda mekundu yanapeperuka uani kote, na mimi siku zote niliyaona ni takataka tu, sikuwahi kufikiri kwamba ni hela zangu zinapeperuka. Ukikaanga, maji yanatoka. Ukimenya, ganda linatoka. Ukichagua, zilizooza na zilizosinyaa unazitupa. Kwenye kilo 50 nilibaki na kilo 43. Chupa 107, siyo 125.

Nikarudi. Tukapanga upya, yeye anauliza, mimi naandika. Karanga nilinunua kilo 3,500, gunia la kilo 50 ni 175,000. Gawa kwa chupa 107, karanga ndani ya chupa moja ni 1,635. Chupa na mfuniko wake 600. Lebo 150. Gesi na umeme 180. Ujira wa binti anayenisaidia kumenya 300. Usafiri wa kuchukua mzigo na kusambaza 200. Jumla 3,065 kwa chupa.

Mpango wangu ulisema nitauza jumla kwa 3,200, kwa sababu mimi nilihesabu karanga 1,400, chupa 600, lebo 150, basi, 2,150, faida zaidi ya elfu moja. Kumbe faida ilikuwa 135. Na hapo hatujagusa pango, wala mimi mwenyewe sijajilipa hata senti. Ningefungua fremu kwa bei ile, ningefanya kazi usiku na mchana huku mtaji unaliwa polepole, na ningeishia kusema nimerogwa.

Tukapandisha hadi 4,000 jumla. Niliogopa wateja watakimbia. Wawili walikimbia kweli, wengine wakabaki.

Jambo la pili alilolifanya lilinipa ugomvi mdogo na mwenye fremu, ila ni ugomvi wa kabla ya kusaini, na huo ni nafuu. Fremu ilikuwa 150,000 kwa mwezi, anataka miezi sita, yaani 900,000. Mhasibu akaniambia kuna kodi ya zuio kwenye pango, asilimia 10, na mpangaji wa biashara ndiye anayetakiwa kuikata na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Yaani mwenye nyumba anapokea 810,000, na 90,000 naipeleka mimi kwa jina lake. Usipokata, siku ya kukaguliwa unadaiwa wewe. Mzee akasema yeye anataka yake kamili, mambo ya serikali hayajui. Tulizunguka wiki nzima, mwishowe tukakutana katikati na ikaandikwa kwenye mkataba nani anabeba nini. Ningekuwa nimeshalipa na kuhamia, ningemwambia nini?

La tatu, akanikataza kusajili kampuni. Nitalieleza nikiulizwa, maana najua mtaniuliza.

Sasa niwape hesabu ya gharama yake, maana watu wengi mnaogopa hapo. Kikao cha kwanza, pamoja na kile cha kurudi na vipimo, nilimlipa 100,000. Baada ya hapo tulikubaliana nimwone kila robo ya mwaka kwa 60,000. Nilianza kuuza rasmi Aprili 2023, kwa hiyo robo tatu, 180,000. Jumla 280,000.

Mwaka ule niliuza chupa 2,150, sawa na milioni 8.6. Kwa viwango vilivyokuwepo, mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo ya kati ya milioni 7 na 11 asiye na kumbukumbu alilipa 250,000. Mwenye kumbukumbu, zile zilizokuwa zinatakiwa na kifungu cha 35 cha Sheria ya Usimamizi wa Kodi, alilipa 90,000 na kujumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Mimi kilichozidi ni milioni 1.6, asilimia 3 yake ni 48,000. Nikalipa 138,000. Daftari liliniokolea 112,000.

Mtasema, mbona hiyo haifiki hata nusu ya ulichomlipa? Kweli haifiki. Kilichomlipa mhasibu ni ile bei mpya. Shilingi 800 nilizoongeza kwa kila chupa, mara chupa 2,150, ni 1,720,000. Ndiyo maana nasema kaa naye kabla. Ukimtafuta wakati wa ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, atakusaidia kwenye 112,000 tu. Ile 1,720,000 itakuwa imeshapita.

Naombeni maswali, nitajibu ninayoyaweza.

---

fundi_alumini

Dada, pole kwa ya kwanza na hongera kwa ya pili. Mimi nataka kufungua karakana ya madirisha, vijana wawili, kila mmoja nampa 200,000 kwa mwezi. Hapo nako kuna kodi?

---

karanga_dom

Asante kaka. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inaanza kukatwa kwenye mshahara unaozidi 270,000 kwa mwezi, kwa hiyo hao vijana bado hawajafika. SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, nayo ni kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, hujafika. Ila NSSF na WCF hazisubiri ukue. NSSF ni mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara, na cha mfanyakazi hakizidi nusu yake. WCF ni fidia ya wafanyakazi, asilimia 0.5, analipa mwajiri peke yake. Wewe unafanya kazi ya vioo na mashine ya kukatia, tafadhali WCF usiiache. Kidole kikienda, huwezi kukilipia kwa faida ya dirisha moja.

Kwenye mpango wako, kijana wa 200,000 usimwandike 200,000. Weka na mchango wako juu, ndiyo gharama yake halisi.

---

tafuta_riziki

Mimi ndiyo naona kampuni ina heshima zaidi. Unapata tenda, benki wanakusikiliza. Kwa nini alikukataza?

---

karanga_dom

Mkuu, hakunikataza milele, alisema bado. Utaratibu wa makadirio kwa kufuata mauzo wakati ule ulikuwa wa mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka. Kampuni haingii humo hata kama inauza milioni tano. Kampuni inatakiwa hesabu kamili, inalipa kodi kwenye faida asilimia 30, inapeleka makisio yake na kulipa kwa awamu nne, halafu ritani ya mwisho ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, nako kuna taarifa yake ya kila mwaka. Hayo yote yanataka mtaalamu wa kuyaandaa, na mtaalamu analipwa. Kwa chupa 240 kwa mwezi ningekuwa nafanya kazi ya kulipia makaratasi. Nikasajili jina la biashara BRELA, nikafuata leseni ya halmashauri, basi.

Kama una uhakika wa tenda au mnaingia watu wawili watatu kwa mtaji wa pamoja, hapo kampuni ina maana yake. Ila mpelekee hiyo hesabu mhasibu kabla ya kusajili, maana kuifunga kampuni siyo rahisi kama kuifungua.

---

daftari_na_kalamu

Naomba niongezee, mimi ni mhasibu kwa kazi. Mleta uzi amesema kweli tupu. Kila Juni napokea watu wanaoleta mfuko wa rambo umejaa risiti, nyingine zimefutika kabisa kwa sababu karatasi ya EFD, ile mashine ya kutolea risiti, haipendi joto, na wanataka hesabu kesho asubuhi. Hapo siwezi kukushauri chochote, naandika tu historia.

Mambo matatu kwa haraka. Viwango vya kodi hubadilika kwa Sheria ya Fedha, kwa kawaida kuanzia tarehe 1 Julai, kwa hiyo mifano ya mleta uzi ni ya 2023, ulizeni vya mwaka wenu. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tangu Julai 2023 usajili wa lazima unaanzia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, zamani ilikuwa 100, wengi bado wanataja ile ya zamani. Na wanaotoa huduma za kitaalamu kama ushauri na mafunzo wasijidanganye na jedwali la makadirio, wao hawamo.

La mwisho, risiti ya EFD piga picha siku hiyohiyo. Kumbukumbu zinatakiwa kukaa miaka mitano, na wino wa ile karatasi haukai hata mwaka ukiiacha kwenye dashibodi ya gari.

---

kahama_boy

Dada, siku hizi kuna programu za simu za bure za kuweka hesabu. Mhasibu wa nini tena?

---

karanga_dom

Mdogo wangu, programu naitumia pia, siikatai. Inajumlisha vizuri kuliko mimi. Lakini ningeiandikia karanga 1,400 kwa chupa, ingejumlisha 1,400 bila kusita. Haikuwa na uwezo wa kuniuliza "umepima au umegawanya?" Na mwenye fremu asingezungumza na programu.

---

mama_wawili

Shoga, mimi swali langu ni la hao vishoka. Nitawajuaje? Mwenzio nimeshaliwa kama wewe.

---

karanga_dom

Pole sana mpenzi, najua uchungu wake. Mimi nina dalili tatu ninazoziangalia. Akiomba nywila yako ya kuingilia kwenye mfumo wa TRA akae nayo, ondoka. Mwache ajaze ukiwa umekaa pembeni yake, nywila uandike wewe. Akisema nipe hela ya kodi nikakulipie, ondoka. Kodi inalipwa kwa namba ya malipo, unaipata kwenye mfumo, unalipa mwenyewe benki au kwa simu, na ujumbe unabaki kwenye simu yako. Hela unayompa mhasibu mkononi ni ujira wake peke yake, na naye akupe risiti. Ya tatu, akikuambia "namjua mtu ndani, tutaishusha", hapo usiage hata.

Na kama huna hela ya mhasibu kabisa kwa sasa, nenda ofisi ya TRA ya wilayani kwako uombe kuonana na watu wa elimu kwa mlipakodi. Ni bure. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wana mafunzo ya ujasiriamali yanayogusa utunzaji wa hesabu. Hawatakaa na wewe masaa matatu kukokotoa bei ya chupa, lakini utatoka unajua unadaiwa nini na lini.

---

mpunga_kilombero

Mimi nauzia maduka makubwa, wanachukua mali kauli, wanalipa baada ya siku sitini. Faida naiona kwenye daftari, hela siioni. Hapo mhasibu anasaidia nini?

---

karanga_dom

Kaka, hilo lilinipata robo ya pili. Daftari linasema nina faida, nami sina hela ya gunia. Nikamkimbilia nikidhani nimeibiwa. Akachora jedwali la miezi kumi na miwili, juu hela inayoingia kwa mwezi inapoingia kweli, siyo siku mzigo ulipotoka, chini hela inayotoka. Ikaonekana wazi: maduka yananilipa Agosti, wakati karanga huku kwetu zinavunwa na kushuka bei Mei na Juni. Nilikuwa sina hela wakati karanga ni rahisi, napata hela wakati zimepanda.

Tukaamua mali kauli isizidi theluthi moja ya chupa ninazotengeneza, zilizobaki ni taslimu, hata kama ni kwa wauzaji wadogo wa sokoni. Na kila wiki naweka pembeni hela ya magunia ya msimu kwenye akaunti ambayo siifungui mpaka Mei. Wewe mpunga una msimu wake pia, jaribu kuchora hilo jedwali kwa miezi yako, utaona shimo liko wapi.

---

fundi_alumini

Dada, la mwisho. Hilo daftari lako linaonekanaje? Mimi shule ilikuwa ya msingi tu.

---

karanga_dom

Ni kaunta buku la kawaida, kwaya mbili. Kurasa mbili zilizotazamana ndiyo wiki moja. Kushoto mauzo: tarehe, nani, chupa ngapi, kiasi, taslimu au Lipa Namba au deni. Kulia matumizi: tarehe, nini, kiasi, risiti namba ngapi. Risiti naiandika namba kwa kalamu juu yake, naipiga picha, naitia kwenye bahasha ya mwezi huo. Hela ninayochukua kwa ajili ya nyumbani naiandika kwa kalamu nyekundu, kila mara, hata ikiwa ya nyanya. Jumapili jioni nahesabu hela iliyopo, na iliyopo Lipa Namba, nalinganisha na daftari. Isipolingana silali mpaka nijue imeenda wapi, na mara nyingi ni mimi nimesahau nauli.

Jumamosi nitapiga picha kurasa mbili za wiki hii niziweke hapa, nitafunika majina ya wateja tu.